Paul Robeson na Nyimbo za Baba Yake

Sehemu ya pili ya programu yetu ya jubilei ni nyimbo za kiroho zilizotungwa na watumwa weusi wa Marekani. Nyimbo hizi zikifanyiwa mazoezi haupiti muda kabla jina la Paul Robeson halijatajwa, hasa na walio upande wa besi. Likitajwa huja na hadithi zake: alikuwa mwimbaji wa opera akageuka nyota wa sinema, alikuja huku kwetu kupiga filamu na Mzee Jomo Kenyatta, alijua Kiswahili. Katika hizo iko isiyo kweli, iko iliyo nusu, na iko yenye ukweli kuliko watu wanavyodhani. Kitabu kama hiki hukaa nyumbani miaka mingi, na watoto wetu watakisoma sisi tusipokuwepo. Afadhali basi tumweke mtu huyu mahali pake.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, kitinda mimba wa Mchungaji William Drew Robeson na mkewe Maria Louisa. Humwelewi mwana usipomwelewa baba. William Robeson alizaliwa mtumwa katika shamba moja la North Carolina. Mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 15, alitoroka akaelekea kaskazini kutafuta uhuru. Akasoma mpaka akahitimu Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, akawa mchungaji wa kanisa la Kipresbiteri la Witherspoon Street, kanisa la watu weusi wa Princeton. Wengi wa watu hao walikuwa wapishi, watumishi wa nyumbani na wafanyakazi wa mikono katika mji wa matajiri na maprofesa.

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kuelezwa sana habari za mtu wa namna hii. Ukisimama ukingoni mwa Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus, ukatazama ng'ambo ya maji, unaona upande wa Nyali na Kisauni. Huko, mwaka 1875, Church Missionary Society ilianzisha Frere Town, makao ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza. Kengele yao ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni tunalolitaja kila siku kwenye matatu. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo. Hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili walichokikuta pwani, na kwa hicho wakajifunza kumwimbia Mungu. Mchungaji William Robeson na wazee wa Frere Town ni watu wa kizazi kimoja, waliotengwa na bahari tu. Kwa hiyo Paul Robeson, pamoja na ukubwa wake wote, kwetu ni kama mtoto wa mzee wa kanisa aliyetoka ng'ambo ile.

Nyumba hiyo ya mchungaji haikukaa na raha muda mrefu. Mwaka 1901, baada ya miaka zaidi ya 20 ya utumishi, wakubwa wa kanisa walimwondoa William Robeson katika usharika wake. Miaka mitatu baadaye kaa la moto lilidondoka kutoka jiko likashika nguo ya mama, naye akafa kwa majeraha. Paul alikuwa hajatimiza miaka 6. Baba, mtu aliyesoma Kigiriki na Kilatini, alishika kazi ya kuzoa majivu kwa mkokoteni na kuendesha gari la farasi la abiria. Hakulalamika mbele ya wanawe. Baadaye alihamia kanisa la African Methodist Episcopal Zion, kanisa la weusi ambalo liliwahi kuwa na waumini kama Harriet Tubman na Frederick Douglass, akachunga kwanza Westfield, kisha Somerville.

Ni humo, katika makanisa mawili madogo ya baba yake, ndimo Paul alimopata nyimbo. Hakwenda chuo cha muziki. Aliimba na waumini waliojua nyimbo hizo kwa moyo, wengine wao wakiwa wamezaliwa utumwani kama baba yake. Aliimba nyumbani na kaka zake, na mara nyingine baba alipokuwa hayupo kijana huyo alisimama kuhubiri. Anayetaka kujua sauti ile ilifundishwa wapi, jibu ndilo hilo.

Mengine ya ujana wake yangetosha kuwa maisha mazima ya mtu mwingine. Mwaka 1915 alipata nafasi ya kusoma chuo cha Rutgers kwa kushinda mtihani, akiwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu tangu chuo kianzishwe. Katika mazoezi ya mpira wa Kimarekani wachezaji wenzake walimvunja pua na kumtegua bega ili aondoke. Hakuondoka, alichaguliwa mara mbili miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima. Akamaliza mwaka 1919 akiwa ndiye aliyepewa heshima ya kutoa hotuba ya wahitimu. Kwaya ya wanaume ya chuo ilimkubali aimbe chuoni, lakini iliposafiri yeye alibaki, kwa sababu baada ya maonyesho palikuwa na dansi na wenyeji wazungu. Baba yake alifariki Mei 1918, mwaka mmoja kabla ya kumwona akihitimu.

Akasomea sheria Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kumaliza mwaka 1923. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwoa Eslanda Goode, mwanamke msomi wa kemia aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali, na ambaye ndiye aliyempangia mambo yake kwa miaka mingi. Uwakili haukudumu. Katika ofisi alimoajiriwa karani mmoja mzungu alikataa kuandika barua aliyosomewa na mtu mweusi, Robeson akachukua kofia yake akatoka. Mwaka uliofuata, 1924, alikuwa jukwaani akiigiza michezo ya Eugene O'Neill, mmojawapo ukiwa The Emperor Jones. Liwekwe akilini jina hilo, tutalihitaji.

Tarehe 19 Aprili 1925 katika ukumbi wa Greenwich Village, New York, Robeson alisimama karibu na piano ya Lawrence Brown, mpiga piano mweusi kutoka Florida, wakaimba jioni nzima nyimbo za watu weusi peke yake, za kiroho na za kidunia. Leo jambo hilo halishtui. Wakati ule mwimbaji mweusi aliyetaka kuheshimiwa alitakiwa kwanza aimbe Kijerumani, Kiitaliano na Kifaransa, halafu mwishoni atie nyimbo mbili tatu za kwao kama kitindamlo. Robeson alizifanya kuwa ndio mlo. Brown hakupiga piano tu. Alikuwa akiitikia kwa sauti ya teno, kama waumini wanavyomwitikia kiongozi. Tuseme wawili hao walileta ukumbini ibada ya Jumapili ya Somerville bila kuipaka rangi.

Hawakuwa wa kwanza kuzipeleka nyimbo hizo duniani, na jubilei yetu inatutaka tuseme haki hiyo. Mwaka 1871 wanafunzi wa chuo cha Fisk, Nashville, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, walianza kuzunguka wakiimba ili chuo chao kisifungwe kwa kukosa fedha. Walijiita Fisk Jubilee Singers kwa kukumbuka mwaka wa jubilei katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwaka ambao watumwa huachwa huru. Kwa hiyo neno lililoandikwa kwenye jalada la kitabu hiki na kwenye vitenge tulivyovaa leo lilikwisha kuvaliwa na kwaya ya watoto wa watumwa kabla hata Frere Town haijajengwa.

Sasa tuje kwenye opera. Robeson hakuwa mwimbaji wa opera. Hakuwahi kuwa katika kampuni ya opera, wala kushika nafasi katika opera jukwaani. Aliimba vipande vya opera katika matamasha yake, hasa sala na kifo cha mfalme katika Boris Godunov ya Mussorgsky, na aliiimba kwa Kirusi. Mwigizaji mwenzake alisimulia pia kwamba mwaka 1937, walipokuwa Misri kupiga filamu ya Jericho, waliingia ndani ya Piramidi Kuu na Robeson akaimba humo sala kutoka opera ya Mozart, Filimbi ya Ajabu. Haya ni vipande. Mwanakwaya akiimba Haleluya ya Handel siku ya Krismasi haitwi mwimbaji wa oratorio kwa kazi.

Kosa hili lina vyanzo viwili vinavyoonekana wazi, na vyote vinapendeza kuvifuata. Cha kwanza ni The Emperor Jones. Mchezo ule ulitungiwa opera na Louis Gruenberg, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika jumba la Metropolitan Opera, New York, tarehe 7 Januari 1933. Mwaka uo huo mchezo ukafanywa filamu. Katika filamu Jones ni Robeson. Katika opera Jones alikuwa Lawrence Tibbett, mbaritoni mzungu kutoka California, aliyejipaka weusi usoni na mwilini. Na huyo Tibbett ndiye hasa mwimbaji wa opera aliyegeuka nyota wa sinema. Filamu yake The Rogue Song ya mwaka 1930 ilimfanya ashindanie tuzo ya Oscar. Watu wawili, jina moja la mhusika, mwaka mmoja. Si ajabu miaka ilipopita sifa ya mmoja ilimwangukia mwingine.

Kwa nini jumba lile lilipompata mhusika mweusi lilimpaka rangi mzungu? Kwa sababu mwaka 1933 hakuna mwimbaji mweusi aliyekuwa amewahi kupewa nafasi ya kuimba hata opera moja katika jumba lile. Mlango ulifunguliwa kwa Marian Anderson, binti wa kanisa la Kibaptisti la Philadelphia, naye ilikuwa tarehe 7 Januari 1955, miaka 22 kamili, siku kwa siku, baada ya Tibbett kujipaka rangi. Majuma matatu baadaye akaingia Robert McFerrin, mwanamume mweusi wa kwanza. Anderson alikuwa karibu na miaka 58, sauti yake ikiwa imepita kilele. Anayesema Robeson aliacha opera akaenda sinema humtoa yeye heshima na huliondolea jumba lile deni lake: hakuacha mlango uliokuwa wazi.

Lakini haitoshi kusema alifungiwa, kwa sababu mwenyewe pia alichagua. Katika miaka ya 1930 alieleza mara kwa mara kwamba hakuvutwa na opera za Ulaya; alizipenda nyimbo za watu wa kawaida, za weusi, za Warusi, za Wayahudi, za Waebrania wa Biblia, za wavuvi wa Hebrides. Sauti yake ilifaa chaguo hilo. Ilikuwa besi nzito, ya kifua, yenye maneno yanayosikika moja moja, na hakupenda kuisukuma juu. Wimbo ukimzidi urefu aliuteremsha, hakuona haya. (Wapo waalimu wa kwaya wanaoliona hilo ni uvivu. Wamsikilize kwanza.)

Chanzo cha pili cha kosa ni filamu yenyewe. Mwaka 1936 Robeson alicheza Song of Freedom. Ndani yake yeye ni John Zinga, kuli wa bandari ya London, ambaye mtu mmoja wa muziki anamsikia akiimba, anamfundisha, naye anakuwa mwimbaji mashuhuri wa opera. Kisha Zinga anagundua kwamba wimbo alioukumbuka tangu utotoni unamtambulisha kuwa wa ukoo wa wafalme wa kisiwa kimoja cha Afrika, anafunga safari kwenda kwao. Basi mwimbaji wa opera ni Zinga, mtu wa kubuniwa. Robeson aliipenda filamu hiyo kuliko nyingine nyingi alizocheza, na mkataba ulimpa haki ya kuikubali ama kuikataa kabla haijatoka. Haki hiyo aliidai kwa sababu ya machungu ya mwaka uliotangulia, na hapo ndipo tunapofika kwa Mzee Kenyatta.

Mwaka 1934 Robeson aliishi London. Alijiandikisha katika chuo kilichoitwa School of Oriental Studies, ambacho sasa ni SOAS, akasoma fonetiki na Kiswahili. Hakukisoma kwa starehe. Aliamini kwamba katika lugha za Afrika angeupata mzizi wa nyimbo za baba yake, yaani ule mpando na mteremko wa sauti ambao Kiingereza hakikuweza kuueleza. London ya wakati huo ilikuwa na vijana wa Kiafrika wengi wenye mambo makubwa vichwani. Mmoja wao alikuwa Kenyatta, aliyekuwa akiwasaidia wanafonetiki wa University College katika lugha ya Kikuyu, na ambaye baadaye alisoma anthropolojia na kuandika kitabu chake, Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938.

Filamu waliyoonekana pamoja ni Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Zoltan Korda, mwongozaji wake, alikaa miezi barani Afrika akinasa ngoma, mito na wanyama, akarudi Uingereza na picha hizo. Sehemu za waigizaji zikapigwa Shepperton, nje ya London, katika kijiji cha Kiafrika kilichojengwa kwa mbao na majani. Waafrika waliokuwa Uingereza, mabaharia, wafanyakazi wa bandari na wanafunzi, waliajiriwa kujaza kijiji. Kenyatta alikuwa mmoja wao, akaigiza chifu mdogo. Kwa hiyo ni kweli Robeson alicheza filamu na Kenyatta. Si kweli kwamba walicheza huku. Hadithi yenyewe imewekwa Nigeria. Robeson mwenyewe hakufika Kenya wala Uganda. Aliyefika Afrika Mashariki ni mkewe Eslanda pamoja na mtoto wao Paul mdogo, mwaka 1936; walipitia Afrika Kusini wakafika Uganda, wakakaa Toro, na Eslanda akaandika kitabu cha safari hiyo kiitwacho African Journey, kilichotoka mwaka 1945.

Robeson alikubali kazi ile ya Sanders kwa furaha. Alipoona picha za Korda na kusikia ngoma alizorekodi, alidhani hatimaye watu wa Ulaya wataiona heshima ya Afrika. Filamu ilipokatwa na kuunganishwa ikawa kitu kingine: sifa kwa mkuu wa wilaya wa Kiingereza anayewatuliza Waafrika kama watoto, na Bosambo, chifu aliyeigizwa na Robeson, akiwa mtiifu wake mkuu. Robeson aliikana hadharani. Inasikitisha pia kwamba ndiyo filamu yake iliyofika mbali katika makoloni, na hata leo kuna wanaomjua kwa nguo ya ngozi ya chui tu. Kumpima kwa hiyo ni kumpima kwa kazi aliyoijutia. Hata Ol' Man River, wimbo wa Show Boat uliompa jina jukwaani London mwaka 1928 na kwenye filamu mwaka 1936, hakuuacha ulivyoandikwa. Miaka ilivyokwenda aliyabadilisha maneno, mtu aliyechoka akawa mtu anayeendelea kupigana. Ni jambo dogo kwa herufi, ila watunzi hawakulifurahia.

Baada ya mwaka 1942 hakucheza sinema tena kwa sababu alichoka kupewa watu wa kuchekwa. Huo mlango aliufunga mwenyewe, akiwa juu kabisa. Mwaka 1943 alikuwa Broadway akiigiza Othello, na mchezo huo ukaonyeshwa mara 296, nyingi kuliko mchezo wowote wa Shakespeare uliowahi kuonyeshwa hapo.

Yaliyofuata yanaumiza. Robeson alikuwa amesafiri Urusi tangu mwaka 1934, akapokelewa kama binadamu, na hakusahau. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha na Marekani na Urusi kugeuka maadui, yeye hakugeuka. Tuseme yote: maovu ya Stalin hakuyakemea hadharani, hata yalipowafika watu aliowajua, na wanaompenda hawana sababu ya kulificha hilo. Lakini serikali ya nchi yake haikumwadhibu kwa hilo peke yake. Mwaka 1937 alikuwa mmoja wa walioanzisha baraza la mambo ya Afrika, Council on African Affairs, lililodai uhuru wa makoloni. Alipokwenda mahakamani kudai pasipoti aliyonyang'anywa mwaka 1950, hoja mojawapo ya mawakili wa serikali ilikuwa kwamba kwa miaka mingi ameshughulikia mno uhuru wa watu wa Afrika. Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya mwaka 1952 na Kenyatta kutiwa ndani, Robeson na baraza lake walisimama upande wa wafungwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, sehemu ya bei aliyolipa ililipwa kwa ajili ya watu wa huku.

Bei ilikuwa kubwa. Kumbi zilifungwa, rekodi zake ziliondolewa madukani, na mwaka 1949 wahudhuriaji wa tamasha lake karibu na Peekskill, New York, walipigwa mawe barabarani. Mtu aliyeimba mbele ya umati London, Moscow na Madrid akawa hana pa kuimba isipokuwa makanisa ya weusi na kumbi za vyama vya wafanyakazi. Makanisa hayakumfungia. Kaka yake Benjamin alikuwa mchungaji wa Mother A.M.E. Zion, Harlem, na huko sauti ile ilirudi pale ilipoanzia.

Watu wa mbali nao walitafuta njia ya kumsikia. Tarehe 18 Mei 1952 alisimama juu ya lori upande wa Marekani wa mpaka wa Kanada, akawaimbia maelfu waliokaa nyasini pande zote mbili, kwa kuwa aliruhusiwa kuimba lakini si kuvuka. Na Oktoba 1957 wachimba makaa wa Wales walifanya tamasha lao la muziki mji wa Porthcawl. Walikuwa wakimpenda tangu alipocheza filamu ya The Proud Valley kati yao, kuhusu mweusi anayeingia mgodini na kwenye kwaya ya wachimbaji. Pasipoti hana, basi wakampigia simu. Robeson akiwa studio New York, sauti yake ikapita katika waya uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki mpaka ukumbini, na kwaya ya wanaume ya Treorchy ikamwimbia naye akiwa upande ule wa waya. Kwaya yoyote iliyowahi kuimbia mgonjwa kwa simu itaelewa jinsi ilivyokuwa.

Pasipoti ilirudi Juni 1958, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua kesi ya mtu mwingine iliyofanana na yake. Oktoba mwaka huo aliimba katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, baada ya ibada ya jioni, mtu mweusi wa kwanza kuimba hapo peke yake. Waliokosa nafasi walijaa ngazini nje. Miaka michache tu baadaye mwili na moyo vilimchoka. Aliugua vibaya tangu mwaka 1961, akarudi kwao, Eslanda akafariki Desemba 1965, naye akamalizia siku zake kimya katika nyumba ya dada yake Marian, Philadelphia. Alifariki tarehe 23 Januari 1976, akiwa na miaka 77. Ibada ya mazishi ilifanyika Harlem, katika kanisa lile alilolichunga kaka yake.

Anayetaka kumsikia asianze na sinema. Aanze na rekodi alizofanya na Lawrence Brown mwaka 1925, baada ya tamasha lile la Greenwich Village. Zina kelele za sahani kuukuu, lakini vumilia. Msikilize Brown anavyosubiri, kisha anaitikia juu yake kwa teno, taratibu, bila kumkimbiza. Hivyo ndivyo mwalimu wetu anavyotutaka tuimbe wimbo wa pili katika sehemu ya pili: besi waanze peke yao, na teno wasiingie mpaka neno la mwisho la besi limekwisha.